Tumbo Yako Inaongea na Ubongo, Ni Ukweli. Lakini Hiyo Kopo ya Thao Nne na Nusu, Kuja Tuongee

Ushawahi kuitwa intaviu, umepiga luku safi, umeshuka stage mapema, halafu ukikaribia tu geti ya ofisi tumbo inaanza kunguruma kaa nganya ya Rongai ikipanda mlima? Unaanza kutafuta choo kabla hata hujasalimia mtu.

Hujakula kitu mbaya. Ni ubongo umetuma wasiwasi chini na tumbo ikajibu. Hiyo laini kati ya hawa wawili iko, na wanasayansi wamekuwa wakiichimba miaka mob. Shida ni kwamba kuna watu wameigeuza biashara, na wanauzia wasee wagonjwa kwa bei inakaribia rent.

Najua kwa sababu hii maneno iliingia hadi kwa keja yangu.

Jamaa tunaishi naye ameniruhusu niandike hii bora nisimtaje. Mwaka jana alikuwa chini vibaya. Sisemi ile kuwa chini ya kusota, hiyo sote tunajua, inaisha doh ikiingia. Yeye alikuwa haamki, haogi, simu ya mamake inalia hadi inakata. Tukamburuta kliniki. Daktari akasema ni depresheni, akamwanzishia dawa, na akampangia siku za kukuja kuongea na mshauri. Kufikia mwezi wa pili msee alikuwa amerudi. Alikuwa hata anapika, na kwa hii keja hiyo si kitu kidogo.

Halafu akakutana na kavideo TikTok. Dame fulani ameshika kopo nyeupe, anaeleza kwamba asilimia 90 ya homoni ya furaha inatengenezwa kwa tumbo, sasa mbona unameza dawa za ubongo na shida iko chini? Jamaa akatuma thao nne na nusu kwa M-Pesa. Rider akaleta kopo. Ndani kuna probiotiki, yaani bakteria hai kwa vidonge, bilioni 50 kwa kila kimoja. Dawa za kliniki akazifungia kwa droo. Hakuniambia.

Siku chache baadaye akaanza kizunguzungu, ndoto za ajabu, na kitu alisema ni kaa stima inampiga kichwani akigeuza macho. Mimi nikadhani ni malaria. Baada ya wiki tatu alikuwa amerudi kwa ile giza, na safari hii alikuwa anasema vitu zilinifanya nifiche wembe.

Nitarudi kwake. Kwanza nikuambie nilichopata, kwa sababu nilikasirika nikaanza kusoma. Mimi si daktari. Niliacha college mwaka wa pili, na hata hiyo kozi ilikuwa ya ununuzi na ugavi. Lakini bandoli ninazo na usingizi sina.

Hiyo stori ya tumbo na ubongo si uongo. Hiyo ndio inafanya iuzike.

Ndani yako kuna wapangaji. Mwaka wa 2016 watafiti walipiga hesabu wakapata mtu wa kawaida amebeba bakteria kaa trilioni 38, na seli zake mwenyewe ni kaa trilioni 30. Ukiwaweka wote kwa mizani ni gramu 200 hivi, chini ya robo kilo ya nyama. Karibu wote wanaishi kwa utumbo mpana. Wanakula ile nyuzinyuzi ya madondo na sukuma ambayo mwili wako haujui kusaga, na wakishakula wanatoa asidi ndogondogo zinazolisha ukuta wa utumbo. Wengine wanatengeneza vitamini. Hawalipi rent lakini wanafanya kazi za keja.

Kutoka huko chini kuna kebo inaenda hadi kichwani. Inaitwa neva ya vagasi. Inatoka chini ya ubongo, inapita shingoni, inagusa moyo na mapafu, inamalizia tumboni. Nilidhani ubongo ndio unaipigia tumbo maagizo siku mzima. Kumbe karibu asilimia 80 ya nyuzi za hiyo neva zinabeba habari kutoka chini kwenda juu. Tumbo ndio inaripoti, ubongo unasikiza.

Na si neva pekee. Sehemu kubwa ya askari wa kinga ya mwili wanakaa karibu na utumbo, wakiangalia nani anapita. Ukuta ukiwa na shida, wanapiga kelele, kemikali zao zinaingia kwa damu, na ubongo unaziskia. Unajua vile ukishikwa na homa hutaki kuongea na mtu, unataka tu kulala ukiangalia ukuta? Hizo kemikali zinahusika.

Sasa turudi kwa dame wa kopo na asilimia 90 yake.

Homoni anayosema ni serotonini, na hesabu yake ni sawa. Karibu asilimia 90 inatengenezwa na seli za utumbo, na kuna bakteria wanaozichochea zitoe zaidi. Hiyo ilionyeshwa kwa panya huko California mwaka wa 2015. Lakini serotonini ya tumbo ina kazi ya tumbo. Inasukuma chakula, inaleta kichefuchefu ukikula kitu imeoza. Na kati ya damu na ubongo kuna ukuta mkali kuliko bouncer wa klabu yoyote Westi, na serotonini haipiti hapo. Ubongo unatengeneza yake. Kwa hivyo ile hesabu ya video ni kaa kukuambia Mombasa kuna bahari, basi mfereji wa Githurai hauwezi kukauka.

Video ikishajenga hapo, inakupeleka kwa panya. Na panya, manze, wako na stori tamu.

2004, Japan. Watafiti walilelea panya kwa mahali safi kabisa, hawana bakteria hata mmoja tumboni. Wakawabana kidogo wasiweze kutembea. Homoni za wasiwasi zikapanda juu kuliko za panya wa kawaida. Walipowapa aina moja ya bakteria, wakatulia. Hiyo ndio iliwasha moto kwa hii sayansi yote.

2011, mji wa Cork huko Ireland, timu ya profesa anaitwa John Cryan ikalisha panya bakteria wa aina ya Lactobacillus rhamnosus. Panya wakakuwa wajasiri, wanaingia mahali pa wazi ambapo panya mwenye akili haendi, na homoni za wasiwasi zikashuka. Halafu wakafanya kitu iliniacha nimekodoa macho. Wakakata ile neva ya vagasi kwa panya wengine, wakawapa bakteria walewale. Hakuna kilichobadilika. Kebo imekatwa, ujumbe haufiki.

Hao hao wa Cork, 2016, wakachukua kinyesi cha watu wenye depresheni wakakiweka kwa tumbo za panya. Panya wakaanza kuonyesha dalili zinazofanana na depresheni: hawafurahii utamu, wanaogopa. Ukishasoma hiyo unaweza kuuziwa kopo yoyote.

Lakini wewe si panya. Na hapa ndipo wauzaji hunyamaza.

Wasee wa Cork walitaka kujua kama bakteria wao wa ajabu atafanya kazi kwa binadamu. Wakatafuta wanaume 29 wenye afya, wakawapa kwa kipindi kimoja, na kwa kipindi kingine wakawapa kidonge hewa kisicho na kitu. Wakapima wasiwasi, homoni, usingizi, kumbukumbu. Matokeo yakatoka 2017: hakuna tofauti. Bakteria yuleyule aliyefanya panya kuwa majemedari alipita kwa wanaume kaa upepo. Nawapa heshima kwa sababu walichapisha hata hivyo.

Mwaka huohuo, New Zealand, watu 79 wenye moyo mzito na hawakuwa kwa dawa walipewa probiotiki ama kidonge hewa, wiki nane. Hakuna tofauti.

Halafu 2023 London wakapata kitu. Watu 49 wenye depresheni, wote wako tayari kwa dawa lakini dawa haijawafikisha kabisa. Nusu wakaongezewa probiotiki yenye aina 14 za bakteria, nusu kidonge hewa. Baada ya wiki nane waliopata bakteria walikuwa wameimarika zaidi. Hii ni habari njema, sitaki kuificha. Lakini watu 49 hawajazi hata mathree mbili, ndio maana watafiti wenyewe waliiita jaribio la kuanzia. Na soma tena: walikuwa kwa dawa. Waliongezewa juu. Hakuna aliyeambiwa afungie za kliniki kwa droo.

Kuna pia ile ya Ubelgiji ya 2019, watu zaidi ya elfu moja. Walipata wenye depresheni wana upungufu wa aina mbili za bakteria, Coprococcus na Dialister. Poa. Lakini nani alitangulia? Mtu akiwa chini hali vizuri, hatembei, halali. Huenda bakteria walipungua ndio akaugua, ama aliugua ndio wakapungua. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kukuambia.

Kitu kingine kopo haisemi ni kwamba bakteria si mtu mmoja. Kusema "ina Lactobacillus" ni kaa kusema umetumwa doh na Otieno. Otieno gani? Mbili za jina moja zinaweza kufanya kazi tofauti kabisa, ndio maana utafiti hutaja hadi namba ya ukoo. Niliangalia ile kopo yetu. Hakuna namba. Imeandikwa imetoka Marekani, na huko tangu sheria ya 1994 hizi virutubisho huuzwa bila kuthibitisha kwanza kwa serikali kwamba zinafanya kazi. Inatosha usiandike kwamba inatibu ugonjwa. Lebo haikuandika hivyo. Ni video iliyosema.

Wacha nitoke kando kidogo, kuhusu vidonda vya tumbo, kwa sababu mtaani kila mtu anavyo na kila mtu anasema ni mastresi. Madaktari pia walisema hivyo kwa miaka. Halafu daktari wa Australia, Barry Marshall, akashuku ni bakteria anaitwa Helicobacter pylori. Watu wakamcheka. 1984 akachukua hao bakteria, akawanywa kwa glasi. Tumbo yake ikawaka. 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Nobel. Nakuambia hii kwa sababu ukiwa unachomeka kifuani kila siku na unasema ni mawazo, enda upimwe. Inatibika, na dawa za maumivu unazomeza kila saa pia zinaweza kuchimba vidonda.

Na matibabu yake ni antibiotiki, ambazo zinanileta kwa tabia yetu. Mafua kidogo, msee anaingia kwa kemisti, ananunua amoksilini nusu doz. Mafua ni virusi, antibiotiki haigusi virusi. Inachogusa ni wale wapangaji wako. Ukipewa na daktari, meza na umalize. Lakini kujipea mwenyewe ni kufukuza wapangaji kwa kosa la jirani. Na usidhani utanunua kopo uwarudishe. Watafiti wa Israel 2018 walipeana antibiotiki kwa kikundi kidogo cha watu, halafu wengine wakapewa probiotiki na wengine wakaachwa hivyo tu. Bakteria wa asili walichelewa zaidi kurudi kwa wale waliopewa probiotiki. Wageni walikaa kwa nyumba ya wenyewe.

Sisemi probiotiki hazina kazi. Kwa kuhara kunakoletwa na antibiotiki, kuna aina zimeonyesha zinasaidia. Kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi hazidhuru, ingawa mtu ambaye kinga yake iko chini sana lazima aongee na daktari kwanza. Ninachosema ni kuhusu depresheni na thao nne na nusu.

Sasa utaniuliza, tukule nini?

Hapa nina furaha kidogo, kwa sababu jibu liko kwa kibanda. Wahadzabe wa Tanzania, wale wa kando ya Ziwa Eyasi, wanakula mizizi, ubuyu, matunda ya porini na asali, na inakadiriwa wanapata gramu 100 hadi 150 za nyuzinyuzi kwa siku. Mmarekani wa kawaida ni kaa 15. Tumbo za Wahadzabe zina aina nyingi za bakteria kuliko za watu wa miji ya Ulaya na Marekani. Wewe hutachimba mizizi Umoja. Lakini madondo, ndengu, githeri, matoke, sukuma, nduma, zote ni chakula cha wale wapangaji. Chips na smokie ni chakula chako peke yako.

2021, Stanford huko Marekani, walilisha watu vitu zilizochachuka kaa yoghurt kwa wiki kumi. Aina za bakteria zikaongezeka na kemikali za uvimbe kwa damu zikashuka. Ukisoma hapo unaona kombucha na kimchi, unadhani lazima uende Karen. Zii. Cucu wangu anachachusha unga wa uji siku mbili tatu kabla apike. Wakalenjin wako na mursik kwa sotet. Wakisii wako na amaberi amaruranu, Wasomali wana susa ya maziwa ya ngamia. Na mala ya pakiti iko kwa kila duka.

Tuwe wakweli lakini. Uji wa cucu unachemshwa baada ya kuchacha, kwa hivyo bakteria wengi wamekufa ukiufikia. Bado ni chakula poa, ila si probiotiki. Yoghurt inayokaa kwa shelf bila friji miezi kadhaa mara nyingi imepashwa moto, pia hao wamekufa, na imebaki sukari. Tafuta ya friji iliyoandikwa ina bakteria hai. Na mursik, wasee wa Eldoret msinipige, 2013 watafiti walipima ya huko magharibi wakapata asetaldehaidi kwa kiwango cha kutia wasiwasi, kemikali inayohusishwa na saratani ya umio. Kuwa ya kienyeji haimaanishi haina maneno.

Na chakula kwa depresheni? Kuna jaribio moja la Australia linafaa. 2017, timu ya Felice Jacka, watu 67 wenye depresheni na chakula chao kilikuwa kibaya. Kikundi kimoja kikasaidiwa kubadilisha chakula wiki 12, mboga, maharagwe, samaki, karanga. Kingine kikapata mtu wa kupiga nao stori. Walioacha kuwa na depresheni walikuwa asilimia 32 kwa chakula, na 8 kwa stori. Ni watu wachache, na wengi wao pia walikuwa kwa dawa ama ushauri tangu mwanzo. Hakuna aliyepima kama ni bakteria ndio walifanya kazi. Lakini kama nina thao nne na nusu na lazima niiweke mahali, naiweka kwa ndengu.

Kuhusu dawa. Kile jamaa wangu aliskia kichwani, ile stima, si tumbo ilikuwa inajisafisha kaa vile muuzaji alimjibu kwa DM. Dawa nyingi za depresheni ukiziacha ghafla zinaleta hiyo: kizunguzungu, usingizi kuvurugika, kushtuka kaa umeguswa na waya. Zinaachwa polepole, na daktari ndio anapanga. Ukichoka nazo, ama zimekuharibia hamu, ama hata doh ya kuzinunua imeisha, mwambie. Iko njia nyingine zaidi ya droo.

Na kama ni zaidi ya hapo, kama umeanza kufikiria kujimaliza, Red Cross wako na laini ya bure, 1199. Najua wasee walikuwa wanaogopa kwenda hosi kwa sababu kujaribu kujiua ilikuwa kesi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema hicho kifungu cha sheria ni kinyume na Katiba. Enda.

Sisi tulirudi kliniki Jumatatu asubuhi, tukakaa kwa benchi hadi saa saba. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Daktari aliangalia ile kopo, akaigeuza, akasoma, akasema haitamuua, akitaka anaweza kumaliza. Halafu akauliza dawa zingine ziko wapi. Jamaa akasema droo. Wakaanza upya, doz ya chini, na mshauri kila wiki.

Hiyo ilikuwa miezi mitano iliyopita. Vidonge vya kopo viliisha zamani. Kopo yenyewe iko dirishani, tunaweka chenji ya mathree. Dawa zake ziko juu ya meza kando ya chumvi, mahali naziona nikipika.